Nani Alicheza kwa Jina Langu Siku ya Jamhuri?

Admin, nifiche jina tafadhali, maana huku Kangundo hata kuku wanajuana. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, nimeolewa kanisani na nina watoto watatu. Mume wangu hufanya kazi kiwandani Athi River na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Haya nayaandikia saiba hapa Machakos mjini, kwenye kompyuta ya pembeni kabisa, na kila mlango ukifunguka nageuka.

Yote yalianza na kanda. Kifungua mimba wetu, Ndinda, alikuwa bado ananyonya wakati bendi moja ya jazz ya huku kwetu iliporekodi nyimbo zake ukumbini mjini, mchana wa Siku ya Jamhuri, watu wakicheza, makofi na chupa zikisikika humo humo. Kanda ilipotoka mume wangu alikuja nayo nyumbani akitabasamu kama bwana harusi. Kisa? Ametajwa! Si mnajua bendi zetu: ukimtuza mwimbaji, anakatiza wimbo akusifu wewe na ukoo wako wote. Basi upande wa pili wa kanda, gitaa limepamba moto, mwimbaji anasema kwa Kikamba: "Baba Ndinda wa Kangundo, Jamhuri njema! Na Mama Ndinda namwona hapa mbele na kitambaa chekundu. Cheza mama, cheza!" Hapo watu wanapiga vigelegele.

Mama Ndinda ni mimi. Na siku hiyo ya Jamhuri sikutoka nje ya boma. Mtoto alikuwa na surua, na mimi na mama mkwe tulishinda naye kutwa tukipokezana kumbeba. Kitambaa chekundu sijawahi kuwa nacho maishani.

Nilimuuliza mume wangu. Akacheka. "Wewe nawe! Hao ni watu wa muziki. Nilimwambia akutaje, yeye akaongeza chumvi. Ulitaka ataje nani?"

Lakini moyo ulikataa. Mtu aongeze chumvi mpaka rangi ya kitambaa?

Kanda ile ilipendwa, ikapigwa kila duka, na maneno yakafika kanisani. Niliitwa mbele ya wazee. Wakashangaa: mama wa kwaya, mtoto mgonjwa nyumbani, yeye ako mjini anakata kiuno? Nilikana huku nalia. Nikamgeukia mama mkwe, shahidi wangu wa pekee. Neno lake moja lingeniokoa. Yeye akatazama chini, akasema, "Mwanangu, omba tu msamaha, hii maneno iishe."

Jumapili nikasimama mbele ya watu nikaomba msamaha kwa densi ambayo sikuicheza. Mume wangu alikuwa amekaa pale pale, anatazama viatu vyake. Wenzangu, ile aibu sijaisahau hadi leo. Na zaidi ya aibu ni swali: kwa nini mama mkwe alinyamaza? Alikuwa akimficha nani?

Miaka ikaenda. Kila Krismasi mume wangu huitoa kanda yake, anaifuta vumbi kwa shati, anawapigia wageni. Ikifika pale kwa Mama Ndinda, mimi huwa nakumbuka kuna sufuria jikoni.

Mwaka huu tumemzika mama mkwe. Jina lake pia lilikuwa Ndinda, kwani sisi Wakamba binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Mume wangu ndiye mtoto wa kiume pekee kwao, na dada yake amezaa wavulana watupu. Kwa hiyo msimamizi wa mazishi alipotangaza, "Wajukuu wale wamebeba jina la nyanya yao wakuje waweke maua," nilijua atainuka mmoja tu, wangu. Waliinuka wawili.

Huyo wa pili sikumjua. Msichana mrefu, mpole, na paji la uso la mama mkwe kabisa, Mungu anisamehe kama namsingizia. Baadaye nilimpelekea chai makusudi. Akaniambia anatoka Mitaboni, yuko kidato cha nne kama binti yangu, na ni mkubwa kwa wangu kwa miezi michache. Nilipomuuliza mume wangu, alinijibu bila kuniangalia. "Ni mtoto wa rafiki ya mama. Kwani jina ni la mtu mmoja?"

Inaweza kuwa kweli. Watu hupeana majina kwa urafiki pia. Lakini wiki ile ile nilienda kwenye kabati kuitafuta ile kanda, nisikilize tena, na haikuwepo. "Iliharibika, nikatupa," akasema. Kanda aliyoitunza kuliko viatu vyake!

Sasa nikilala nawaza jambo linalonitia baridi. Labda mwimbaji hakuongeza chumvi yoyote. Labda aliyemwona pale mbele alikuwa Mama Ndinda kweli, tena aliyeitwa hivyo kabla yangu. Na labda mama mkwe alijua wajukuu wake wote.

Binti yangu, kwa roho yake safi, amefanya urafiki na yule msichana, na amemwalika na mamake kwa chakula Jumapili hii. Mume wangu aliposikia, ghafla akasema atakuwa kazini. Jumapili! Nimuulize kabla hajaondoka, na kama ni uongo niharibu ndoa bure? Niwafungie watu mlango? Au nipike ningoje? Nipeni akili, ndugu zangu, yangu imeisha. Maana mama huyo atabisha hodi, na huku kwetu mwanamke hujitambulisha kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Akiniambia, "Mimi ni Mama Ndinda," mimi nitamwambia mimi ni nani?