Zamu ya Moto na Chumba cha Nyuma

Nyumba tuliyokaa Karagwe, miaka ya Wajerumani kabla ya vita yao, ilikuwa ndefu kama ghala, na kweli nusu yake ilikuwa ghala. Mbele walipanga wafanyabiashara waliotoka pwani na Unyanyembe. Katikati zilirundikwa nguo, chumvi, baruti, pembe na kahawa iliyonunuliwa Ihanda. Nyuma tulikaa wanawake. Kuta zilikuwa za udongo na paa la nyasi. Mwenye nyumba aliishi mbali, akamweka msimamizi, mtu wa kanzu safi na maneno mengi, na huyo ndiye aliyeanzisha zamu ya moto.

Kwa hilo simlaumu. Kila kiangazi wafugaji walichoma nyasi vilimani ili majani mapya yaote, na upepo ukivuma cheche zilifika hadi kwetu. Aliteua wanaume wanne. Mmoja alijaza mitungi iliyopangwa ukutani kabla jua halijapanda. Wa pili alizungukia meko baada ya chakula, akichokoa majivu kwa kijiti na kuyamwagia maji, huku tukimsonya kwa kutuharibia moto wetu. Wa tatu alitunza ngazi na miti yenye ndoano ya kubomolea nyasi za paa, na kila siku alikata migomba, kwa kuwa shina la mgomba limejaa maji, na ukilitupa juu ya nyasi zinazowaka hufanya kazi kuliko mtungi. Hilo tulifundishwa na majirani zetu Wanyambo, ingawa msimamizi alilisimulia kana kwamba babu yake alilileta kutoka pwani. Wa nne alishika upatu wa kuita watu. Ngoma hatukuthubutu kupiga, maana nchi ile ngoma ilikuwa ya mfalme.

Siku ya kugawa kazi nilikuwa nyuma ya ua wa matete nikimenya ndizi, nikasikia yote. Moto ukishika, kwanza itoke baruti. Kisha nguo, kisha pembe, kisha kahawa. Mwenye upatu akauliza, "Na chumba cha nyuma?"

"Mle mna mwanamke anakaa eda," msimamizi akamjibu. "Mwanamume haingii. Hiyo ni kazi ya wanawake."

Kazi ya wanawake, lakini wanawake wenyewe hakuna aliyetuambia. Nikamtuma mke wa msimamizi amuulize ni mwanamke gani hasa aliyepewa kazi hiyo. Jibu likarudi kwamba tusijitafutie mabaya kwa mdomo. Ndivyo tulivyo sisi: jambo baya tukilitaja, tunaona tumeliita.

Huyo aliyekaa eda alikuwa wifi yangu. Kaka yangu alimwoa Ihembe, kwa watu wa migomba na kahawa, naye mke akasilimu siku ya ndoa. Ndiye aliyenifundisha Kinyambo, akicheka ulimi wangu mzito hadi machozi yamtoke. Kaka alipochukuliwa na homa, wanawake wa nyumba ile walisema mbele yake, "Mtu wa bara ataiweza eda? Ngojeni, mtamwona kisimani kabla mwezi haujaandama." Walisema kwa utani, na utani wa namna hiyo una meno.

Yeye aliingia chumbani akaikaa eda ambayo hata mmoja wetu hakuwahi kuikaa namna ile. Mchana hakutoka hata uani. Nilimpelekea chakula nikamtania kwamba hata jogoo akipita atajifunika. Akacheka, lakini niliona hakuwa na mzaha. Alitaka siku ya kutolewa eda wale wanawake wakose la kusema. Nami nilimpenda sana, nikaona fahari badala ya kuona hatari.

Moto ulikuja mchana, baada ya adhuhuri, upepo ukivuma kutoka vilimani. Cheche iliangukia paa la mbele. Lazima niseme haki: watu wa zamu walifanya kazi yao. Upatu ulilia papo hapo, baruti ikatoka, mitungi ikapanda ngazini, nyasi zikavutwa chini kwa ndoano. Wanawake walibeba watoto wakakimbilia migombani. Mimi nilisimama kwenye mstari uliotoka migombani nikipokezana mashina na wengine. Nikauliza wifi yangu yuko wapi. "Katoka na wenzake," nikaambiwa. Kila mmoja alidhani mwenzake kamtoa.

Aliyemkumbuka ni mwenye upatu. Alikuwa mtu mwema, mcha Mungu, na yaliyofuata alinisimulia mwenyewe akilia. Alifika kwenye mlango wa nyuma, moshi tayari unapenya nyasini, akapiga hodi.

Sauti ya wifi yangu ikatoka ndani. "Kuna mwanamke hapo?"

"Hapana."

"Basi niitie wifi yangu."

Mlango wenyewe ulikuwa wa matete, mbuzi angeuangusha. Hakuusukuma. Alirudi nyuma, akakimbia kunitafuta.

Alinifikia migombani, jasho likimtiririka, majivu kwenye kofia. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, na wazazi wake walimlea vizuri. "Shikamoo," akasema. Nami nikaitika marahaba, mdomo ukitangulia akili.

"Wifi yako anakuita."

"Yuko wapi?"

"Chumbani kwake."

Alivyosema, ungedhani naitwa kupeleka kata ya maji. Nilitupa shina nikakimbia. Sikuwahi kufika uani. Paa la nyuma liliangukia ndani lote kwa pamoja, na joto likanirudisha kama mkono wa mtu.

Baruti ilipona. Nguo zilipona, na pembe, na sehemu kubwa ya kahawa. Msimamizi alimshukuru Mungu kwa sauti, hadi nikamwomba anyamaze. Jioni mwalimu wetu wa dini alieleza, kwa upole, kwamba dharura hufungua kila mlango, na kwamba eda si kamba ya kumfungia mtu motoni. Wote wakatikisa vichwa kukubali. Kumbe wote walijua. Nilikuwa na hasira ambayo mpaka leo haijapoa, na sioni aibu kuisema. Elimu ile ingetufaa asubuhi.

Wakaniingiza kwenye zamu, ili pawe na mwanamke wa kuingia vyumba vya wanawake. Nilikubali, na kazi hiyo niliifanya miaka mingi. Lakini kabla ya hapo alikuja mama yake.

Alitembea kutoka Ihembe na ndugu zake, akafika tumekwisha kuzika. Kiswahili hakujua, na katika nyumba ile ni mimi tu niliyeweza kumjibu. Aliketi chini karibu na kaburi, akatazama mizigo ya nguo iliyopangwa uani, akawatazama wanaume waliokuwa wakiilinda. Akaniuliza, moto ulipowaka wanaume hawa walikuwa wapi.

Sikutaka kumdanganya. Nikamwambia mmoja alifika mlangoni.

"Alikuwa akingoja nini?" akauliza.

Kinyambo changu kilitosha kusalimia, kuomba chumvi na kupatana bei ya ndizi. Nilitafuta neno la kumjibu mama yule, naye akinitazama mdomoni akingoja, na sikulipata.