Nafasi ya Udaktari

Mkuu wa shule alinikabidhi kazi ile kwa sababu walimu wengine wote waliikimbia. Nilikuwa nafundisha kemia katika shule moja ya sekondari hapa Kigali, mwanamke peke yangu kati ya walimu wa sayansi. Mwaka uliofuata kuanza kwa vita kati ya serikali na waasi, wengi wao Watutsi, kule kaskazini, aliniita akasema, "Wewe unaelewana na watoto. Wasaidie wale wa mwaka wa sita wachague masomo ya chuo kikuu." Nikafurahi. Leo nikiikumbuka furaha ile, damu inanichemka.

Alasiri, masomo yakiisha, nilikaa maabara na mlango wazi, wanafunzi wakaja mmoja mmoja. Kuna aliyetaka sheria kwa kuwa mjomba wake alivaa suti nzuri. Kuna aliyesema kilimo. Nikamwuliza kama amewahi kushika jembe bila kulazimishwa, akacheka mpaka akasahau alichokuja kuomba. Niliwaeleza kila kitivo kinafundisha nini na mtu akimaliza anafanya kazi gani. Niliwafundisha kuandika maombi yasiyopiga magoti. "Msiandike kama mnaomba chumvi kwa jirani," niliwaambia. "Semeni mnachokijua na mnachokitaka."

Kati yao alikuwapo msichana wa Biryogo, mtaa nilimozaliwa mimi mwenyewe. Mama yake alikuwa mjane, fundi cherehani aliyeshona barazani pa duka la mtu. Kwao walizungumza Kiswahili, kama Waislamu wengi wa mtaa ule, kwa hiyo tukiwa wawili tuliacha Kifaransa. Hakuna aliyemfikia kwa alama. Wenzake walimzunguka kabla ya kila mtihani, naye akawaeleza mambo niliyoyafundisha mimi, mara nyingine vizuri kuliko mimi.

"Unataka nini?" nilimwuliza.

"Udaktari, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Baba alikufa hospitalini, na mpaka leo hatujui alikufa kwa ugonjwa gani. Daktari alipita tu, hakusema na mama neno. Mimi nitasema na watu."

Mama yake alikuja shuleni wiki ile, nyuzi bado zimemganda kwenye khanga. "Mwalimu, mimi hii mambo ya université siko naijua," aliniambia. "Lakini mtoto iko na akili, na wewe iko unamujua. Mimi nasema sawa." Nikamhakikishia kwamba kwa alama zile hakuna mlango utakaomshinda. Nilisema hivyo nikiamini. Nilijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba kitambulisho cha marehemu mumewe kilisema Mtutsi, na kwamba nchi yetu iligawa nafasi za masomo kwa kabila na kwa mkoa. Lakini nilidhani yuko juu mno. Nilidhani hata mizani iliyopinda haiwezi kuficha uzito wa namna ile.

Majibu yalipotoka, hakupata udaktari. Hakupata famasia aliyoiweka chaguo la pili, wala uuguzi wa chaguo la tatu. Hakupata kitu. Udaktari alipewa mvulana wa darasa lake, kijana mpole ambaye alama zake zilikuwa chini sana. Yule kijana alinijia maabara, uso umemwiva. "Mwalimu, kemia yote yeye ndiye alinifundisha," alisema. "Sasa nimwambie nini?" Sikumkasirikia yeye, hakuwa ameiba kitu, alikuwa amekabidhiwa tu.

Nilimchukua msichana na mama yake tukapanda kilima cha Kimihurura, kwenye ofisi iliyoshughulikia nafasi hizo. Tulikaa kwenye benchi asubuhi nzima. Walioingia baada yetu walitoka kabla yetu. Hatimaye tukapokewa na bwana mmoja nadhifu, mwenye sauti laini, akatuvutia viti. Ningependa angekuwa mkorofi, nimchukie kwa wepesi. Alizungumza Kinyarwanda kizuri, pole pole, kama mtu anayemweleza mgonjwa.

"Mwalimu, hii ndiyo haki yenyewe. Kila kundi lina sehemu yake, na sehemu ya kundi lake imejaa."

"Na alama zake?"

"Alama ni jambo moja. Uwiano ni jambo lingine."

"Bwana, akija mtu mahututi hapo hospitalini, atatibiwa kwa uwiano?"

Alitabasamu. Nasema kweli, alitabasamu. Mama alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, akimtazama mdomoni. Ndipo msichana akauliza, kwa heshima, macho chini: "Nikirudia mwaka nikapata alama zaidi, mtanichukua?"

Yule bwana alizungusha kalamu yake mezani. "Usijichoshe, binti."

"Yeye hajachoka," mama akasema, kwa Kiswahili, na akasimama.

Tulishuka kilima. Msichana hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira, katikati ya barabara, watu wakinitazama. Nilikuwa nimewafundisha watoto kwamba maombi yao yatasomwa, kumbe kilichosomwa ni jina la kabila la baba na mahali alipotoka. Nikajiuliza wangapi kabla yake waliambiwa wasijichoshe na wakatii.

Kesho yake nilianza kuuliza habari za vyuo nje ya nchi. Mfanyabiashara mmoja wa mtaani, mwenye ndugu Bukavu, ng'ambo ya mpaka kule Zaire, alituambia kuna chuo cha tiba kinachopokea wageni wenye vyeti vizuri. Tuliandika maombi pale pale barazani, mama akisimamisha cherehani kila tuliposoma sentensi kwa sauti, kana kwamba kelele yake ingeliharibu neno. Jibu lilikuja: amekubaliwa, lakini aanze na mwaka wa matayarisho.

Habari zilimfikia mkuu wa shule, akaniita. Safari hii hakunikaribisha kiti.

"Unampeleka mtoto wa watu hawa nje ya nchi wakati wa vita? Unajua watasema anakwenda kujiunga na nani?"

"Anakwenda kusoma tiba. Humu ndani amekataliwa."

"Kuanzia leo, kazi ya kushauri wanafunzi atafanya mwingine."

Mwingine hakuwahi kuteuliwa. Maabara ikafungwa alasiri. Waliotaka ushauri walinifuata Biryogo, wakakaa chini karibu na miguu ya mama yule, kati ya vipande vya vitambaa, tukaendelea.

Msichana aliondoka na mama yake kwa basi la Cyangugu, mji wa mpakani. Vizuizi vilikuwa vingi njiani. Kila mahali waliteremshwa, vitambulisho vikasomwa, maswali yakawa yale yale. Mama alirudi peke yake, amekonda uso. "Amevuka daraja," aliniambia. "Ameniangalia mara moja, akaenda."

Alikuwa Bukavu Aprili ya tisini na nne ilipofika. Sitaeleza hapa yaliyotupata mjini. Kila nyumba ina yake. Mama yake aliuawa. Majirani walimficha kwa siku kadhaa, kisha akahamishwa kwenda mahali palipodhaniwa ni salama zaidi, na hapakuwa salama. Binti alizipata habari hizo kutoka kwangu, kwa mdomo wangu, vita vilipokwisha na mimi nikaweza kuvuka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mama alikuwa amevaa nini. Nilimwambia. Aliendelea na masomo, na leo ni daktari wa watoto. Huwaeleza wazazi kila kitu, hata ambao hawataki kusikia.

Kinachonitia wazimu ni watu wazuri, wenye nia njema, wanaoniambia ule mlango ulifungwa ili aokoke. Kwenye harusi moja mzee mmoja alilisema hilo mbele ya daktari mwenyewe, mdomo umejaa pilau: "Mungu hupanga. Wangempa nafasi hapa, naye angekufa."

Nilijibu kabla yeye hajajibu. Nikamwambia Mungu hakuwako kwenye kiti kile Kimihurura. Alikaa mtu, mwenye kalamu na mshahara. Na wale waliozoea kuwapanga watoto kwa kabila ndio waliowarahisishia wengine, baadaye, kuwapanga watu kwa namna nyingine. Hatutamshukuru mtu kwa kumnyima binti haki yake, eti kwa sababu dhuluma kubwa zaidi ilikuja ikamkosa.

Mzee akaomba radhi, akageukia habari za mvua. Daktari aliniwekea mkono begani. "Mwalimu," alisema, "kula, chakula kinapoa." Lakini sahani yake mwenyewe aliisukuma kando, na hasira yake, nilihisi, ilikuwa kubwa kuliko yangu.