Kizibo cha Ngozi

Mvua ya kwanza inapolowesha vumbi, watu husifu harufu ya udongo. Mimi hunusa sabuni. Wajukuu zangu hunicheka, lakini paa la udongo la tembe letu kule Buigiri lilikandikwa kwa maji aliyoogea Mdachi, na ngoja niwaeleze ilivyokuwa.

Mwaka ule mto ulikuwa mchanga mtupu. Wanawake wa kijiji walilazimishwa kuchota maji kwenye visima vya mchangani na kuyapeleka kwa Bwana, yule Mdachi aliyesimamia ukataji wa barabara, ambaye hakuweza kulala bila kuoga. Mama alikuwa mmoja wao, naye alikuwa mjamzito. Mimba iliyotangulia ilikuwa imeharibika akiwa njiani na mtungi kichwani. Kwa hiyo kila alipojitwika nilimfuata nyuma nimebana pumzi, nikiogopa hata kukohoa.

Bwana alikuwa na hodhi la bati la kuogea, lenye tundu chini na kizibo cha mpira kilichofungwa mnyororo. Jua letu lilikuwa limekipasua. Maji yaliyojazwa asubuhi yalivuja polepole, na jioni wanawake wakarudishwa kisimani. Kizibo kipya, tuliambiwa, kiko njiani na wapagazi kutoka pwani. Sidhani kama wapagazi wale wamefika hadi leo.

Mpishi wake, Mzee Salimu, mtu mpole wa Kondoa, alijaribu gunzi la mahindi. Likalainika na kumomonyoka. Akajaribu nta ya nyuki. Maji ya moto yakaiyeyusha, na Bwana akatoka na ndevu zinazonata. Ndipo mzee akaja kwetu, maana mama alisifika kwa kushona ngozi.

"Mwanangu, nisaidie," alisema. "Safari hii tutachapwa viboko sote."

Mama alifikiri kidogo. "Baba, na maji yakigoma kutoka, atayafanyaje?"

"Si atasema yachotwe yamwagwe? Hayo ya kugoma kutoka yangekuwa heri. Sisi tunalia yanatoka."

Mama alikata vipande vya ngozi ya ng'ombe wetu aliyekufa kwa ukame, akavishona kimoja juu ya kingine, akavigonga kwa jiwe, kisha akavikausha motoni mpaka vikawa vigumu kama mti. Kesho yake Mzee Salimu alikifunga kizibo kwenye mnyororo, kikaingia tunduni bila taabu. Jioni ile hakuna aliyerudishwa kisimani.

Bwana akaoga. Alipomaliza akavuta mnyororo, ukakatika. Ngozi ilikuwa imevimba na haikusogea hata kidogo. Tukiwa nje ya jiko tulimsikia akifoka kwa lugha yao, na askari aliyekuwa amekaa mlangoni akasimama. Nilishika kaniki ya mama kwa mikono miwili. Nilijua kiboko kimoja tu kingetosha kumuua mtoto aliyekuwa tumboni.

Mzee Salimu akatoka akijifuta jasho. "Kwanza amekasirika, sasa anacheka. Anasema leo maji yamebaki usawa wa kifua chake tangu mwanzo hadi mwisho. Chukueni mitungi, mkayamwage mnakojua."

Nilikaa chini nikalia, jinsi moyo wangu ulivyotua.

Maji hayakumwagwa, bila shaka. Tangu siku hiyo wanawake walipeleka maji mara moja tu kwa siku, na waliporudi walirudi na mitungi iliyojaa. Ndama wetu alikunja pua kisha akanywa. Mama akakanda udongo akaziba paa lililokuwa limepasuka juu ya kitanda chake. Mdogo wangu alizaliwa asubuhi ya mvua ya kwanza, mzima, analia kwa nguvu, chini ya paa lisilovuja linalonukia sabuni ya uzunguni.

Kwa miaka mingi niliamini kizibo kile kilikwama kwa bahati. Kisha nikaolewa, na mama mkwe akanifundisha kushona kizibo cha kibuyu cha maziwa. "Ipake ngozi mafuta," aliniambia. "Ukiiacha kavu, ikilowa itavimba, na utavunja kibuyu ndipo unywe." Akashangaa kwamba mama hakunifundisha jambo ambalo kila mwanamke wa kwetu analijua.

Niliweka sindano chini. Siku ile alipokuwa akishona kizibo cha Bwana, kibuyu cha mafuta kilikuwa kando ya goti la mama, na hakukigusa.