Miaka kumi na miwili nimemhubiria jirani yangu ng'ombe, Yesu nikamwachia kamati

Wakuu, chamgei. Kwa wale ambao si wa huku, hiyo ni salamu. Jibuni tu "chamgei" tuendelee.

Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, hayajatoka kwa rafiki ya rafiki. Majina nimebadilisha kwa sababu huku kwetu kila mtu ni shemeji ya mtu. Mengine yote ni vile yalivyokuwa, na pahali mtaniona mjinga ndipo nimesema ukweli zaidi.

Mimi ni Mama Kibet. Naishi kati ya Kericho na Bomet. Ukiangalia kushoto ukaona chai, ukaangalia kulia ukaona chai, umefika kwangu.

Nilimaliza Form Four, nikaolewa, nikakaa. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mwaka huu safari yangu ya mbali ilikuwa Londiani kuchukua mbegu ya viazi, nikarudi na homa, mwili ukiniuliza ni nini kilinipeleka.

Nimeokoka tangu Form Two. Hiyo shikeni, kwa sababu kwa matendo yangu hamngejua.

Kanisani mimi ni katibu wa kamati ya uinjilisti. Nilichaguliwa kwa sababu mbili: mwandiko wangu ni mzuri, na chai yangu haina maji mengi. Hakuna mtu aliyeuliza kama nimewahi kumwambia yeyote habari za Yesu. Swali kama hilo lingetumalizia kamati yote.

Miaka mitatu tumekutana kila mwezi. Minutes zetu ni safi, hata mkaguzi angelia kwa furaha. Kila ripoti inaisha na "kazi ya Bwana inaendelea". Inaendelea wapi na inaendelezwa na nani, hiyo haikuwa kwa agenda.

Agenda ilikuwa rangi ya T-shirt. Maroon ama kijani. Miezi minne.

Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu anayeongea kama bado kuna inspekta nyuma ya darasa. Yeye alisema hatuwezi kwenda kwa mataifa bila uniform.

Basi tukavaa maroon tukaenda kwa mataifa. Mataifa yenyewe ilikuwa Chebunyo, hapa hapa Bomet.

Wakuu, watu wa Chebunyo waliokoka kabla wengine wetu hatujazaliwa. Walitupokea na mursik, maziwa yetu ya kibuyu, wakatuimbia, wakatoa ushuhuda wa moto kuliko wetu, halafu wakatuombea safari njema. Nyanya mmoja aliniwekea mkono kichwani akaomba Mungu anihurumie.

Niliandika: huduma ilifana sana.

Shida yetu huku ni hii. Kila mtu ni Mkristo. Muulize yeyote anaabudu wapi, atakutajia kanisa kabla hujafunga mdomo. Kwa hivyo kila mmoja anadhani jirani yake ni kondoo wa zizi lingine, na ukimwongelesha mambo ya Mungu utaonekana unaiba kondoo. Tuna adabu sana. Tumekaa na adabu zetu.

Sasa niwaletee Mama Akinyi.

Mama Akinyi ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ila sisi hatuna ukuta, tuna ua wa michongoma. Yeye na bwanake walitoka upande wa ziwa. Bwanake anashughulika na boiler kwa kiwanda cha chai. Wana kashamba kadogo ka chai kama mimi, na wamekuwa hapo miaka kumi na miwili.

Kila Jumapili asubuhi nilikuwa namwona anatoka amevaa vizuri, kikapu kichwani kimefunikwa na kitambaa cheupe. Nikajua huyo anaenda kanisa la watu wa kwao, na kikapu ni sadaka.

Kikapu kilinisumbua, nisidanganye. Nilikuwa naangalia vile ni kizito halafu naangalia kabeji yangu moja ya sadaka. Kuna Jumapili nilirudi shambani nikaongeza mbili ili Mungu asinilinganishe.

Lakini katika mambo mengine, wakuu, mimi ni mtume.

Alipokuja alikuwa na ng'ombe wa kienyeji anayetoa maziwa ya kutia chai kikombe kimoja, na hiyo ni kama ameamka vizuri. Nilimhubiria AI, ile ya kupandisha ng'ombe kwa sindano, wiki tatu. Nilimpeleka kwangu akashika kiwele cha ng'ombe wangu wa kizungu, Ayrshire, kwa mkono wake. Nilimtolea ushuhuda vile mimi pia nilikuwa gizani. Nilimwitia mtu wa AI mwenyewe, nikasimama hapo mpaka sindano ikaingia.

Leo anakamua kushinda mimi. Hiyo nimemsamehe.

Nilimbadilisha line ya simu. Nilimbadilisha mbegu ya viazi. Nilimwingiza chama chetu cha akina mama cha kuweka pesa. Hata nilimhubiria mtu wa kumpigia kura, na mtu huyo alishindwa vibaya mpaka kwao nyumbani, lakini sikuona aibu ya kuhubiri. Sikuogopa kumsumbua. Sikusema kura ni siri ya mtu na moyo wake.

Mnaona vile hii inaenda.

Mwaka huu, siku moja mchana, tulikuwa buying centre, pale tunapopimia majani ya chai. Mvua ilikuwa imenyesha, lori la kiwanda limekwama matopeni huko chini, na kila mtu amekaa kando ya majani yake akiomba yasipate joto yakachomeka guniani. Mama Akinyi alikuwa kando yangu, leso imefungwa shingoni kama kawaida.

Chini ya hiyo leso kuna goita, ule uvimbe wa shingo. Imekaa miaka, sisi sote tumeizoea. Akaniambia polepole kwamba daktari amesema imeanza kubana koo, na watamfanyia operesheni Jumatano ijayo.

Mimi, kwa hekima yangu, nikamwambia asijali kuhusu ng'ombe, nitamkamulia.

Akachagua majani makavu mawili kwa gunia lake akayatupa. Halafu akauliza, "Na nikikosa kuamka, Mama Kibet, naenda wapi?"

Wakuu, katibu wa uinjilisti nikakohoa.

Nikamwambia hilo ni swali zuri sana, amwulize pasta wao.

"Pasta wetu nani?"

Nikamwambia wa kanisa lenu, pale unaendanga Jumapili na sadaka.

Aliniangalia kama mtu ameona nimelewa. "Mimi naendanga kambi ya wafanyakazi wa shamba kubwa kuuza samaki, omena ya kutoka ziwani. Jumapili ndio wako nyumbani. Sijaingia kanisa tangu nitoke kwetu, na huko pia nilikuwa naenda ya mazishi tu."

Miaka kumi na miwili nimeshindana kabeji na omena.

Nilikuwa natafuta pa kuficha uso, na ndipo akaongeza, bila hasira, na hiyo ndiyo ilinimaliza: "Wewe ulinibadilisha ng'ombe. Ukanibadilisha line. Ukanibadilisha viazi. Kila kitu yako nzuri umeniletea kwa mlango, hata ile sikutaka. Hii ya Mungu ulikuwa unawekea nani?"

Lori likafika. Sijawahi kufurahia lori hivyo.

Sasa mtasema nilirudi nyumbani nikapiga magoti. Hapana. Nilirudi nikapiga simu. Nilitaka mtu mwingine aende.

Pasta hakuwako. Alikuwa amesafiri semina ya wiki mbili. Mada ya semina ilikuwa uinjilisti, na msicheke, mimi sikucheka. Nikampigia mwenyekiti. Akasema hilo ni jambo zito, linahitaji kikao, tuliweke kwa agenda ya mwisho wa mwezi. Nikamwambia operesheni ni Jumatano. Akauliza kama madaktari hawawezi kusukuma tarehe.

Baba Kibet, bwanangu, alikuwa anakula akisikiza. Akasema, "Si wewe ndio unajua?" Akaendelea kula. Huyo mtu huongea mara moja kwa wiki na huwa anachagua siku mbaya.

Basi nikakaa chini nikaandika. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nilijaza daftari kurasa nne: utangulizi, dhambi, sehemu A na B, wokovu, hitimisho. Mwandiko ulikuwa mzuri sana.

Jumatatu jioni nikapita kwa pengo la michongoma. Nilimkuta anakamua. Nikasimama nyuma yake, nikafungua daftari, nikaanza, "Utangulizi." Ng'ombe akageuka kuniangalia. Hata yeye alijua.

Mama Akinyi hakuacha kukamua. Akasema, "Weka hiyo daftari chini. Siku ile ya AI ulikuja na daftari?"

Nikaiweka chini. Nikabaki na mikono tu.

Na nikiwa sina kitu cha kusoma, nikamwambia jambo ambalo sijaambia hata kamati. Kabla ya Kibet nilizaa msichana. Aliishi siku nne. Watu walikuja, wakanywa chai, wakasema ya kusema, wakaenda. Mimi nikabaki kwa ile chumba na matiti yakiwa yamejaa na hakuna mtu wa kunyonya. Sikutaka kuamka. Sikutaka Mungu pia, nilimwambia hivyo wazi, na maneno mabaya juu yake.

Na hakuondoka. Sina njia nyingine ya kuieleza. Sikuona nuru, sikusikia sauti. Lakini sikuwa peke yangu kwa ile chumba, na nilijua ni nani, kwa sababu ndiye niliyekuwa nimemwomba Form Two kwa maringo tu ya wasichana wa bweni. Mimi nilikuwa nimecheza. Yeye hakuwa anacheza.

Nikamwambia kwamba huyo Yesu alikufa na akafufuka. Kwamba ameshapita kwa kifo, pale Mama Akinyi anaogopa kupita, na kila anayemwita anampokea, na anapokea bila kuuliza ulikuwa wapi Jumapili. Kwamba unaenda wapi ukikosa kuamka, jibu langu ni hilo tu: kwake. Sina ramani.

Nilisema vibaya. Nilirukaruka, sehemu B ikaja kabla ya A, nikalia kidogo, nikapangusa pua na leso ya jikoni.

Alikuwa ameacha kukamua. Akasema, "Na hii yote ulikuwa nayo hapo kwa nyumba."

Nikasema ndiyo.

"Karibu hivi, nikiwa hapa."

Nikasema ndiyo. Ni afadhali angenitukana.

Jumatano nikaenda naye Kericho. Mimi, mtu wa nyumbani, nimevaa viatu vya kufunga. Bwanake alikuwa anashughulikia karatasi huko nje. Nesi akaja na kitanda cha magurudumu, na Mama Akinyi akanishika mkono akasema, "Omba. Na usiombe kwa roho, omba nisikie."

Mnajua sisi watu wa kuomba kwa roho. Tunafunga macho, uso unakuwa mtakatifu, ndani tunafikiria kama tuliacha sufuria jikoni. Sikuwa nimewahi kuomba kwa sauti nje ya kanisa. Wodi ilikuwa imejaa. Kuna mama mmoja kitanda cha pili aliacha kumenya ndizi ili asikie vizuri.

Niliomba. Niliombea shingo, nikaombea daktari, nikaomba umeme usipotee. Nikamwambia Yesu huyu ndiye Mama Akinyi, kama hamjajuana kosa ni langu. Nesi alisema amina kabla sijamaliza, nafikiri alikuwa na haraka. Yule mama wa ndizi naye akaniita nimwombee mguu.

Wakaenda naye. Nilikaa kwa benchi saa tatu. Sikuwa na daftari, na nisiwadanganye, niliogopa vibaya sana. Niliogopa kwamba nilikuwa na miaka kumi na miwili nikatumia siku mbili.

Aliamka.

Uvimbe ulitolewa wote. Sauti ilirudi baada ya siku kadhaa, imekuwa nzito kidogo, na anaitumia kunigombeza. Kitu cha kwanza aliniambia cha maana ni hiki: "Mimi sijaamua. Usiende kuandika ati nimeokoka. Nikiamua nitakuambia mimi mwenyewe. Lakini pia usininyamazie tena."

Sijaandika. Mwenyekiti ameniuliza mara mbili kama tuhesabu nafsi moja. Nimemwambia nafsi bado inauliza maswali, angojee. Amesema basi tuiweke kwa "mengineyo".

Sasa somo, wakuu, na nitaliweka fupi kwa sababu kuna maziwa kwa moto.

Nilikuwa nafikiri Mkristo anayenyamaza ni mtu wa heshima. Hasukumi watu, haingilii, anaacha maisha yake yaongee. Maisha yangu yameongea miaka kumi na miwili na kitu yalisema ni Ayrshire. Kunyamaza kwangu hakukuwa heshima. Nilikuwa nimeamua kwa niaba ya Mama Akinyi kwamba hahitaji, bila hata kumuuliza. Nimejua huo ni uchoyo, tena uchoyo wa mtu anayejisifu kuwa mkarimu.

Kama unaamini ni kweli, mwambie mtu. Akikataa, amekataa kitu alichokiona. Kama huamini ni kweli, basi acha kutuvalia T-shirt.

Najua wako watakaokuja hapa kusema imani ni siri ya mtu na Mungu wake. Karibuni, mimi nilikuwa kiongozi wenu. Wale wa kusema dini ililetwa na meli pia karibuni, tutabishana vizuri, chai iko. Na nyinyi wenzangu mliookoka, hasa wa kamati, semeni bila aibu: ni nani mmeishi naye kando miaka hiyo yote na hamjui anaamini nini? Andikeni hapo chini. Majina mnaweza kubadilisha.

Nitawasoma wote. Nikichelewa kujibu msinitukane, nimeketi kwa Mama Akinyi. Ameniuliza kwa nini Mungu alimwacha msichana wangu aende na yeye Mama Akinyi akamwacha akae, na tangu Jumanne sijapata cha kumwambia, lakini nimeenda tu.