Leso Juu ya Kompyuta

Darasani Zuleikha Zein hakumwogopa mtu. Alichokiogopa, mwaka ule wa 1987, ni kompyuta moja katika kituo kidogo cha utafiti huko Kilifi, ambayo yeye na wanafunzi wenzake watatu wa kemia waliitumia kwa zamu.

Mzaliwa huyu wa Malindi alikuwa akitafuta umbo la molekuli moja ya majani ya mwarobaini. Kwa mashine ile, hesabu hiyo ilihitaji siku mbili bila kuzimwa. Aliyekosa jibu katika zamu yake alikosa tasnifu, na bila tasnifu hakuhitimu na wenzake.

Kaskazi ilikuwa ikipuliza vumbi madirishani. Zuleikha alifanya kile ambacho mamake huifanyia redio sebuleni: alivua leso mabegani, akaifunika mashine mbele na nyuma, akaenda kula.

Aliporudi alipokewa na harufu ya plastiki iliyoungua. Kioo kilikuwa cheusi. Idah, mwenzake kutoka bara ambaye zamu yake ilifuata, alisimama ameishika leso.

"Wewe! Umeivisha buibui?"

"Nimeikinga na vumbi, dada."

"Inapumulia nyuma, Zuleikha. Umeiziba pua!"

Hakuna aliyecheka. Kazi za wote wanne zilikuwa katika diski moja, ndani ya sanduku lile.

Mwalimu Mwaura, msimamizi wao, aliitwa.

"Shikamoo, mwalimu," Zuleikha alimwamkia.

Mwaura alienda moja kwa moja kwenye mashine. Aligusa sanduku, akauondoa mkono upesi. "Ipoe kwanza. Asiiguse mtu."

Wakangoja barazani. Zuleikha alisoma dua hadi midomo ikamkauka. Hakuiombea hesabu yake; aliziombea za wenzake.

"Yangu ikiwa imekwenda," Idah alisema, "usinisemeshe tena."

Hatimaye mwalimu aliwasha. Mashine ilikoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena. Majina ya mafaili yakajitokeza kiooni: la Kaingu na la Jaafar, wenzao wawili wa zamu, na la Idah, yote mazima. La Zuleikha lilikuwapo, tupu.

"Zamu ya nani sasa?" mwalimu aliuliza.

"Yangu," Idah akajibu.

Zuleikha akampisha kiti. Angehitimu mwaka uliofuata, peke yake. Alikuwa amefika mlangoni Idah alipomwita. Vidole vya Idah vilikuwa juu ya vibonye, havijabonyeza kitu.

"Usiende. Kaa hapa. Ukisikia harufu, niambie."

Zuleikha akavuta kigoda. Mpaka hesabu ya Idah ilipokamilika, wawili hao hawakubanduka pale. Walikaa tu, wakinusa hewa.