Siku Tulipopimwa kwa Miguu ya Wazazi

Nilikuwa wa kwanza. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kijiji ninakofundisha hawalitaji, na nikilinyamazia mimi litapotea kabisa. Katika ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji, ambamo kila mwalimu anajaza kwenye simu kazi alizopanga na kazi alizofanya, kisha mkuu wake anazithibitisha au anazikataa, hakuna aliyenifikia shuleni kwetu. Mwalimu mkuu alikuwa akitusomea asilimia zetu ofisini, miwani imemshukia puani, na jina langu lilitangulia kila mara. Wenzangu walipiga makofi mawili matatu, wakarudi kwenye chai yao.

Shule yetu iko upande wa Segese, mahali ambapo ukichimba shimo la choo majirani wanakuja kwanza kuukagua udongo. Mtandao haukamati darasani. Ukitaka kujaza, unapanda kifusi cha mawe yaliyotupwa na wachimbaji nyuma ya uwanja wa mpira, unasimama kileleni, unanyoosha mkono wenye simu na kusubiri. Nilipanda kila Ijumaa jioni, jua liwake au mvua inyeshe, na viatu vyangu vizuri vya kazini vilifia pale. Nilichokifanya nilikijaza, na sikujaza nisichokifanya. Mwenye kutafuta dosari kwenye kazi yangu na apande mwenyewe akatafute.

Mwenzangu hakupanda. Huyu alikuwa mwalimu wa darasa la pili, mdogo kwangu kwa umri na kwa cheo, mtoto wa wafugaji wa huko Songwa. Mimi ni mtoto wa dukani, Kahama mjini. Babu yangu alikuja na reli kutoka pwani, baba yangu akauza vitenge, na Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu. Nikisema "mwangaluka", kina mama wananiitikia kwa heshima, halafu wanageukia Kiswahili, kama mtu anayemtolea mgeni kiti. Yeye akiwasalimu, salamu inazaa habari za ng'ombe, habari za ng'ombe zinazaa habari za mkwe, na mtu aliyekuwa anapita njia anajikuta ameshakaa.

Nilimwonea wivu. Sitalipamba neno hilo. Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Wahenga hawakunijua, kwa maana mimi nikiudhika nakula, na mwaka ule nilinenepa. Niliuonea wivu mwandiko wake wa ubaoni, mviringo na mwepesi, ambao watoto wote waliuiga. Niliionea wivu baiskeli yake kuukuu, ambayo jioni haikurudi nyumbani tupu: leo ubuyu, kesho jogoo kafungwa miguu, keshokutwa matobolwa ndani ya kipande cha kanga, vile viazi vilivyochemshwa vikakaushwa ambavyo mama wa Kisukuma humpa mtu aliyemwingia moyoni. Mimi nililetewa malalamiko. Binti yangu mdogo alikuwa darasani kwake, na chakula cha usiku hakikuliwa bila kuambiwa mwalimu kasema hivi, mwalimu kasema vile. Siku moja aliniambia mwalimu wake anapika ugali bila kununa. Nikamuuliza amejuaje. Akasema amekwenda kuuona.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuwa na majivuno. Angekuwa nayo ningepumzika, ningepata cha kumsema kwa majirani. Lakini hakuwa nayo hata kidogo.

Kule kwetu duara likitema, yaani shimo la wachimbaji wadogo likitoa dhahabu, madawati yanabaki na vumbi. Watoto wanakwenda kuponda mawe, kuchota maji, kuuza karanga. Asubuhi niliita majina ya darasa la saba, nikaweka alama za utoro, nikatuma taarifa kwa mtendaji wa kijiji kama utaratibu unavyotaka. Mwenzangu aliwafuata hukohuko. Jioni alipanda baiskeli yake akaenda kwenye maduara, akawatania wachimbaji kwa Kisukuma mpaka wakacheka, kisha akawaomba watoto wake. Ijumaa moja nilikuwa juu ya kifusi, mkono hewani, nikisubiri simu ikubali. Nikamwona kwa chini akirudi, baiskeli anaikokota, nyuma yake msururu wa watoto weupe kwa vumbi la mawe, na kati yao walikuwamo wa darasa langu. Kule juu nilikuwa nimeshajaza kwamba mahudhurio nimeyafuatilia. Mfumo ukapokea.

Niliposhuka nilimkumbusha kwamba wiki ilikuwa inaisha na hakuwa amejaza chochote. Nilimwambia kwa upole, maana nilijua upole wangu hautamfanya ajaze. Akaniangalia huku anamfuta mtoto mmoja uso.

"Dada," akasema, "na mimi nikipanda kule, hawa nani atawaleta?"

Hakuwa ananisuta. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya mchele. Nilikwenda nyumbani nikala sahani mbili.

Basi mwalimu mkuu akakaribia kustaafu, nami nilikitaka kiti chake. Nilikitaka waziwazi. Nilikuwa nimeshapanga moyoni lile kabati la ofisini nitalisogeza wapi, na pazia nitaweka la rangi gani. Afisa elimu kata ndiye angependekeza jina huko juu, na alitangaza kwamba ataangalia alama za kwenye mfumo pamoja na maoni ya wazazi. Kwa alama sikuwa na mpinzani. Walimu wengine walipolitaja jina la mwenzangu, alisema cheo hakitaki, kwamba yeye amezoea watoto wadogo. Hilo nalo liliniuma. Mimi natokwa jasho kwa kitu ambacho mwingine anakikataa kama kikombe cha pili cha uji.

Mkutano wa wazazi ukaitishwa uwanjani. Afisa alikuja na pikipiki, akasimama kofia ngumu ameibana kwapani, akaeleza kirefu umuhimu wa maoni ya wananchi. Kisha akawauliza: walimu wenu mnawaonaje? Mwenye kumjua Msukuma wa kijijini atakuambia hatasimama kumsema mwalimu wa mwanawe huku mwalimu mwenyewe anamtazama. Afisa akauliza tena, akachagua watu kwa kidole, nao wakasema walimu ni wazuri, wote wazuri, hata vyoo ni vizuri.

Ndipo mwenyekiti wa kamati ya shule akainuka. Huyu ujanani alikuwa manju, kiongozi wa kundi la ngoma, na mpaka leo akisimama mbele za watu mabega yake hayatulii.

"Mheshimiwa, sisi kumsema mtu mbele yake hatujui," akasema. "Ila kupima tunajua. Waweke hawa wawili wanaotajwa huku na huku, watu watembee."

Watu wakacheka, na wote wakamwelewa, hata mimi. Kila baada ya mavuno, makundi mawili ya ngoma hukutana uwanja mmoja, siku moja, saa moja. Hili linacheza huku, lile linacheza kule, na watazamaji wanakwenda watakako. Hakuna hakimu wala alama. Aliyevuta umati mkubwa ndiye aliyeshinda. Aliyeshindwa hafungashi ngoma zake mapema hata akibaki na mbwa wawili. Anacheza mpaka jua linazama, kwa sababu manju anayekimbia uwanja huchekwa maisha.

Afisa alidhani ni mzaha, akakubali. Tukasimamishwa, mimi mbele ya darasa la saba, mwenzangu upande wa pili karibu na tangi la maji. Nami nilisimama kwa moyo mweupe, ndugu msomaji. Watoto wa wale watu wamefaulu kwa mikono yangu. Wapo walio sekondari leo ambao niliwafundisha sehemu na desimali mpaka sauti ikanikauka. Niliukunjua mtandio wangu, nikaupanga vizuri mabegani, nikasubiri.

Walikwenda kwake. Hawakukimbia wala kushangilia. Walitembea taratibu, kina mama na watoto mgongoni, kina baba na fimbo zao, wakinipita mbele yangu na kuniamkia. Shikamoo mwalimu, shikamoo mwalimu, huku wanaelekea kule. Nikaitikia marahaba zote. Upande wangu alibaki mume wangu, ambaye ndoa ilimbana, na wazee wachache waliokuwa wameegemea ukuta wa darasa. Nikawapenda sana wale wazee. Afisa alipokuwa anatoa nasaha, kivuli cha ukuta kikasogea, na wazee wakasogea nacho.

Sikuondoka. Nilikuwa nimeishi kwao miaka ya kutosha kuijua sheria ya uwanja. Nilisimama na tabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Na hapo mwenzangu akafanya jambo ambalo sijamsamehe. Alikuwa ameinamisha uso kwa aibu muda wote. Akainua kichwa, akaniona nilivyo, akauvuka uwanja aje asimame nami. Alikuja kwa wema, hilo nalijua. Lakini alipotembea, umati nao ukatembea. Wote, kanga, kofia na fimbo, wakaja nyuma yake mpaka nilipo, wakanizunguka kila upande. Nikawa nimesimama katikati ya umati ambao nimeuota maisha yangu yote ya kazi, na hata mguu mmoja haukuwa umekuja kwa ajili yangu. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na chaki.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, ndivyo mume wangu alivyoniambia tukirudi. Nilimwambia anyamaze.

Majibu yalipokuja, kijiji kizima kilipigwa na butwaa. Afisa alikuwa ameandika huko juu kwamba amempata mwalimu anayevuta watu, na huko juu wakaona mtu wa namna hiyo asiachwe kwenye shule ambayo tayari inakwenda. Wakampa ukuu wa shule nyingine, njia ya Isaka, ambako watoto wameacha madarasa wanashinda kwenye maegesho ya malori wakiwauzia madereva mayai na maji. Alama zake za kwenye mfumo hazikuzuia chochote. Nilimuuliza afisa kuhusu hilo, kwa sauti niliyojitahidi kuinyoosha. Akasema kujaza mtu anafundishwa siku moja, anaelewa.

Wazazi hawakuliamini. Kwenye ngoma mshindi ndiye anayebaki na uwanja, na aliyeshindwa ndiye anayebeba vyombo vyake. Walikuwa wametembea siku ile ili wamshike, wakidhani wanaiambia serikali: huyu ni wetu, msimguse. Walikwenda kwa afisa kundi zima kumwomba aibatilishe ile siku, kwamba wao walikuwa wanacheza tu. Akawaambia wameeleweka vizuri na serikali imewasikia.

Siku ya kuondoka walimsindikiza mpaka barabara kuu, kina mama wakiimba, na baiskeli yake ikapandishwa juu ya gari ikiwa imefungwa jogoo wawili. Alilia. Binti yangu alilia siku tatu, nami nikampikia wali bila kununa, akasema si sawa.

Kiti cha mwalimu mkuu wetu nikapewa mimi. Nilipata nilichokitaka, tena kwa haki, maana nilikuwa wa kwanza, kama nilivyotangulia kusema. Nikalisogeza kabati. Nikaweka pazia la kijani. Sasa ni mimi ninayewasomea walimu asilimia zao, na walimu wanapanda kifusi wakiniona dirishani. Jioni nakwenda kwenye maduara na mwalimu mmoja kijana anayejua lugha, na watoto tunarudi nao, japo si wengi. Ngoma ikivuma sana hupasuka, najiambia, na ninasikiliza habari za huko Isaka nikingoja ipasuke. Haijapasuka. Nasikia maegesho yale sasa hayana mtoto.

Wiki chache baada ya kukabidhiwa ofisi, mwenyekiti alikuja kuniona. Nilimwamkia, nikamkaribisha kiti. Akakaa, akaweka fimbo magotini, akalitazama pazia muda mrefu. Nikaona mtu ana jambo zito, na moyo wangu ukaanza kulainika, nikijua amekuja kuomba radhi kwa ile siku. Niliandaa kabisa na maneno ya kumwambia kwamba yameisha.

"Mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, na kweli uso wake ulikuwa na majuto, "siku ile tulikosea sana. Tungejua kwamba anayeshinda ndiye anayechukuliwa, wote tungesimama kwako."

Nikamwambia nimeelewa, mzee wangu. Na alipokuwa anazungumzia habari za mabati ya choo, nikauona ule umati wote unauvuka uwanja kuja kwangu, kina mama na watoto mgongoni, kina baba na fimbo zao, na mwenzangu kule kwenye tangi la maji amebaki peke yake. Wamekuja ili nichukuliwe. Na bado niliutamani.