Gundi ya Kahawa Yangu

Kwetu Kyerwa mwanamke anapalilia kahawa, anaichuma, anaianika, lakini bomba la dawa habebi. Hiyo ni kazi ya mwanamume. Mume wangu alipofariki, ukoo ukaamua kwamba shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye atakayenipigia dawa, na kahawa ikinishinda ataichukua yeye. Nikakubali. Nilikuwa mjinga wa kutupwa.

Mwaka uliofuata ugonjwa wa kutu ukaingia kwenye majani ya kahawa. Nikaenda Nkwenda, kwenye duka la pembejeo, nikanunua mrututu, ile dawa ya buluu, pamoja na kichupa cha gundi ya kuchanganyia. Jani la kahawa linateleza, na kahawa yetu iko chini ya migomba inayodondosha maji hata mvua ikishakatika. Bila gundi dawa haikai.

"Vifuniko viwili kwa bomba, mama," muuzaji aliniambia. "Ukizidisha, majani yataungua."

Nikamkabidhi shemeji vyote na kumrudia maelezo mara mbili. Akapiga dawa huku anapiga mluzi. Kesho yake alfajiri mvua ikanyesha, na kulipokucha majani yangu yalikuwa yameoshwa, buluu yote imelala chini kwenye nyasi. Nikamfuata kibanjani kwake, kwenye shamba lake la migomba na kahawa.

"Shemeji, gundi uliweka?"

"Niliweka. Mvua ni ya Mungu, mimi nifanyeje?"

Nyuma yake kahawa zake zilikuwa na buluu kila jani, na mvua ilikuwa ni ile ile moja. Kichupa changu kilikuwa chini ya mgomba, kitupu.

Wizi peke yake ningeusamehe. Lakini huyu alitaka miti yangu ipukutike, kisha asimame mbele ya ukoo aseme nimeshindwa!

Nilirudi Nkwenda kununua dawa na gundi nyingine, nikaazima bomba kwa jirani, nikalibeba mwenyewe mchana kweupe. Mama mkwe akaja mbio.

"Shusha hilo bomba, mwanangu. Unatuaibisha."

"Shikamoo, mama," nikasema, nikaingia mstari wa pili wa kahawa.

Jumapili shemeji alininyooshea mkono mlangoni mwa kanisa, anatabasamu. Niliuangalia tu. Ukabaki hapo hewani, ukoo mzima ukiuona, nami nikaingia ndani kusali.